Je, Sekondari Inamtayarisha Kijana kwa Chuo?

(Hotuba hii ilitolewa na mwalimu wa sekondari aliyestaafu, mbele ya vijana waliomaliza kidato cha nne pamoja na wazazi wao, baada ya swala ya Alasiri katika ukumbi wa madrasa mjini Mombasa, Ramadhani 1447. Tumeiacha karibu na vile alivyoisema mwenyewe.)



Mwenyekiti wa chama, walimu wetu wa madrasa, wazazi wenzangu, na nyinyi wanangu ambao nawaona mmeletwa hapa huku mkitamani mngelala mpaka Magharibi. Nawaelewa. Saa hizi za alasiri ndizo ngumu, midomo imekauka na harufu ya viazi karai inapanda kutoka barabarani. Sitawaweka sana. Tena nimeonywa kwamba kina mama wataanza kuinuka mmoja mmoja kwenda kuangalia sambusa zao, na mimi mwenyewe nimeacha uji wa futari nusu.

Mada niliyopewa ni hii: je, skuli ya sekondari inamtayarisha mwanafunzi kwa chuo? Kijana wa chama aliponipigia simu nilimwambia, mada hiyo mpe mtu mwengine, mimi katika kesi hiyo ni mshtakiwa. Nimefundisha kemia na baiolojia miaka 34, nimestaafu mwaka jana. Akacheka, akasema basi Mwalimu, njoo ujitetee. Nimekuja, lakini si kujitetea.

Nianze na kijana mmoja. Jina lake silitaji, kwa kuwa mama yake ni mtu ninayekutana naye sokoni. KCSE ya 2009 alipata A-. Skuli nzima ilipiga makofi. Siku zile mambo ya kuingia vyuo vikuu vya serikali yalikuwa mikononi mwa JAB, na mtoto alikuwa akingoja mwaka na nusu, pengine karibu miwili, ndipo aitwe. Basi akangoja mpaka 2011. Mama yake akauza vikuku vyake viwili vya dhahabu, vya harusi yake, akamnunulia sanduku, godoro na suti. Sijui nani alimwambia kwamba wanafunzi wa uhandisi huvaa suti. Kijana akaenda bara.

Mwaka 2012 nikakutana naye kwenye feri ya Likoni. Namwuliza, vipi, mko likizo? Akaniambia wahadhiri wamegoma. Nikaamini, maana mwaka ule kweli waligoma. Baada ya miezi miwili nikamwona tena kwenye feri ile ile, saa tatu asubuhi, kashika faili kwapani. Mgomo ulikuwa umekwisha zamani.

Wallahi, mtoto yule alikuwa akitoka nyumbani kila asubuhi, anamwambia mama yake kapata kazi ya muda katika ofisi mjini. Anapanda feri, anavuka, anakaa kidogo upande wa kisiwani, anavuka tena kurudi. Feri kwa anayekwenda kwa miguu ni bure. Alivuka hivyo miezi mitano. Chuo kilikuwa kimemwambia arudie mwaka wa kwanza wote, na hakujua vipi atamtazama mama yake usoni, mikono haina vikuku.

Nikamchukua tukakaa mahali. Nikamwuliza, hesabu zilikushinda? Akasema, "La, Mwalimu. Hesabu nilizijua. Mimi wiki za kwanza nilikuwa nangoja. Nangoja mtu aje atuambie prepu ni saa ngapi. Nangoja noti ziandikwe ubaoni. Kulikuwa na karatasi imebandikwa ukutani, naona wenzangu wanaisoma wanaondoka, mimi nadhani ni tangazo la wanafunzi wakubwa. Kumbe ni ratiba ya CAT." CAT mbili zikampita. Akaona haya kumwuliza mhadhiri, maana hakuwahi katika maisha yake kumfuata mwalimu mlangoni bila kuitwa. Ilipofika semista ya pili alikuwa akilala mchana.

Usiku ule sikupata usingizi, kwa sababu kengele aliyokuwa akiingoja nilikuwa nikiigonga mimi.

Skuli yetu ilikuwa ya bweni. Kengele ya kwanza ilikuwa saa kumi na nusu alfajiri. Kuna ya kuoga, kuna ya prepu ya asubuhi, ya uji, ya gwaride, ya kila kipindi, ya chakula, ya michezo, ya prepu ya usiku, ya kuzima taa. Siku moja nilipokuwa zamu nilizihesabu, nikafika ishirini na tatu. Mwanafunzi hakuchagua saa ya kuamka, wala nguo, wala chakula, wala wa kukaa naye, wala kitabu cha kusoma usiku ule. Simu ni haramu. Kutoka getini ni kwa barua. Akishuka alama tunamwita mzazi. Akiumwa kichwa matroni anajua. Miaka minne hivyo! Halafu mwezi wa kumi na moja anarudisha vitabu, godoro linafungwa juu ya matatu, na miezi tisa baadaye tunamwambia, haya bwana, wewe sasa ni mtu mzima, jiongoze mwenyewe.

Na upande wa masomo nao tulifanya vivyo hivyo. Wazazi wengi hamjapata kushika karatasi ya KCSE mkononi, basi niwaeleze ilivyo. Swali linaandikwa, mbele yake alama zimetiwa kwenye mabano, tuseme alama 2, na chini yake vistari viwili vya kujibia. Mwanafunzi wangu hodari alikuwa hasomi swali kwanza. Anasoma alama. Akiona 2 anajua zinatakiwa hoja mbili, akiona 3 anatafuta hoja tatu, na vistari vinamwambia urefu. Ukija kwenye kemia ya maabara, jedwali limeshachapishwa na safu zake, yeye kazi yake ni kujaza. Tena skuli hupokea mapema orodha ya siri ya kemikali na vifaa vya kutayarisha, na mwalimu mzoefu akiiona orodha ile hawezi kuuzuia moyo wake kukisia. Mimi nilikisia. Nilikuwa maarufu kwa kukisia! Wazazi walikuwa wakiniletea maziwa na maembe kwa sifa hiyo.

Wenzangu wa fasihi hawakuwa nyuma. Riwaya inanunuliwa pamoja na mwongozo wake. Mwisho wa mwaka mwongozo umechakaa hauna jalada, na riwaya yenyewe ingali inanukia mpya.

Sasa mtoto huyu anafika chuoni. Anapewa kijitabu cha majibu, ukurasa mtupu, na swali la mstari mmoja: Jadili. Alama 20. Vistari viko wapi? Aandike ukurasa mmoja au mitano? Maabara nako anaambiwa, fanya jaribio, kisha leta ripoti, jedwali uchore mwenyewe, na utueleze kwa nini majibu yako hayakulingana na ya kitabu. Kwa nini hayakulingana! Kwetu sekondari majibu yasiyolingana yalikuwa yanafutwa.

Lakini haki isemwe. Kwa maarifa yenyewe, silabasi yetu si nyepesi. Mambo mengi ya mwaka wa kwanza wa sayansi vijana wetu wanayakuta si mageni. Uvumilivu wanao, kuamka mapema wanakujua, kula maharagwe yenye wadudu na kushukuru wamekujua. Tulichokosa kuwapa ni mazoezi ya kujiamulia, na hayo hayaingii kwenye cheti, kwa hivyo hakuna skuli inayopimwa kwayo, wala mwalimu anayeletewa maembe kwa ajili yake.

Wazee wenzangu hapa wananong'ona, "Zamani kulikuwa na Form Six." Kweli, nami niliipitia. Kabla ya 8-4-4 kuanza 1985, ulikuwa unamaliza kidato cha nne, kisha wachache wanaendelea miaka miwili zaidi, kidato cha tano na sita. Mtihani wake wa mwisho ulifanywa 1989, mwaka ule ule KCSE ya kwanza ilipofanywa. Sisi darasani tulikuwa wasichana kumi na wanne. Unachukua masomo yako matatu, basi. Mwalimu anakuja, anataja vitabu, anaondoka. Vipindi vingine vitupu, kakae maktaba. Mara ya kwanza nilipoambiwa nikae maktaba nilidhani nimeadhibiwa. Tulipofika chuo kikuu hatukushtuka, kwa sababu daraja tulikuwa tumeshalivuka polepole.

Sisemi hayo kutamani ya kale. Daraja lile lilikuwa jembamba, waliolivuka walikuwa wachache mno, na wa kwetu Pwani wachache zaidi. Leo mtihani wa 2024 peke yake watahiniwa walikuwa zaidi ya 960,000, na waliopata C+ na kuendelea, yaani alama ya chini ya kuingia chuo kikuu, ni zaidi ya 246,000. Ni baraka. Ila tulipoliondoa daraja hatukuweka kitu mahali pake, tukaongeza mwaka mmoja huko chuo kikuu tukadhani tumemaliza.

Hapa niseme kitu ambacho nimekifikiria sana. Neno hili "chuo", sisi Waswahili tulikuwa nalo kabla ya chuo kikuu chochote kujengwa Kenya. Mtoto alikuwa akitiwa chuoni, maana yake kapelekwa kusoma Kurani. Na mtu wa elimu tunamwita mwanachuoni. Hebu tazameni kinachofanyika pale. Mtoto wa madrasa akisema, "Mtume kasema," mwalimu anamrukia: nani kapokea? Kutoka kwa nani? Imo katika Bukhari au Muslim? Aliyesoma Arobaini za Imam Nawawi anajua kila hadithi inaanza kwa jina la sahaba na inamalizikia kwa kutaja waliyoitoa. Huruhusiwi kuokota neno njiani ukalileta bila sanad.

Basi huko vyuoni wanangu, jambo la kwanza litakalowatia mashakani ni hilo hilo. Mwanafunzi anapewa kazi ya kurasa nane, anaingia intaneti, anachukua huku na huku, au siku hizi anaiuliza programu ya akili unde imwandikie yote, anatia jina lake juu. Anaitwa ofisini, anashangaa, anasema mbona sekondari tulikuwa tunanakili noti na tunasifiwa? Kweli, sekondari hakuna aliyekuuliza umeitoa wapi. KCSE haiulizi. Lakini madrasa ilikuuliza tangu una miaka minane. Elimu ya sanad unayo, umeiacha mlangoni pamoja na viatu.

Na ile "Jadili" pia. Nendeni mkasikilize darsa za tafsiri mwezi huu baada ya Alasiri, msilale. Sheikh anasoma aya, anasema, katika hili wanavyuoni wana kauli mbili. Wa kwanza kasema hivi na hoja yake ni hii, wa pili kasema vile na hoja yake ni hii, kisha anaeleza ipi ina nguvu na kwa nini. Hivyo ndivyo swali la alama 20 linavyojibiwa. Sikujua hivyo mpaka mwaka wa tatu chuo kikuu, na darsa nilikuwa nikizisikia tangu utotoni.

Mniwie radhi, nataka pia kuwauliza vijana jambo. Saa hizi nyumbani kwenu kuna friji? Ina maji baridi? Umeingia ndani, mlango umefunga, mama yuko jikoni, hakuna anayekuona. Umekunywa? Hukunywa. Hakuna perifekti wa saumu, hakuna kengele, na hukunywa. Basi usije kuniambia kwamba huwezi kukaa saa mbili na kitabu mpaka mtu akusimamie.

Sasa tuje kwenye hii miezi, ambayo kwa kweli ndiyo iliyonileta. Matokeo yametoka Januari. Kuripoti chuoni, tukikisia kwa miaka iliyopita, ni mwezi wa nane au wa tisa. Mtu amekaa tangu mwezi wa kumi na moja. Niambieni kijana anafanya nini? Wa kiume anaamka saa nne, au mwezi huu saa saba. Anashinda maskani. Muguka uko, simu iko, kamari ya mpira iko kwenye simu. Aliyetoka katika kengele ishirini na tatu kwa siku anaingia katika kengele sifuri, na sisi wazazi tunasema mwacheni apumzike, amechoka na mtihani. Apumzike mwezi mmoja. Wa pili mpe kazi.

Kazi gani? Mimi nilipopata akili, baada ya yule kijana wa feri, kila mwaka nilikuwa nikiwachukua wachache nyumbani kwangu. Jambo la kwanza nililowafanyia ni kuwapa kitabu kizima, chochote, cha historia, cha sayansi, hata riwaya, wakisome mpaka mwisho bila mwongozo, kisha waniandikie kurasa mbili: mwandishi anasema nini, na wewe hukubaliani naye wapi. Walilia! Mmoja aliyepata A ya Kiingereza alikuja na kurasa mbili za maneno ya jalada la nyuma. Nikamrudisha mara tatu. Ya nne aliniletea kitu chake mwenyewe, kina makosa, lakini chake. Leo huyo ni wakili.

Jambo jengine, niliwakataza wazazi wao kuwaamsha. Hata daku. Ukikosa daku kwa sababu hukuweka saa, utafunga hivyo hivyo na kesho utaiweka. Mama mmoja alinigombeza barabarani, "Mwalimu unamtesa mwanangu." Nikamwambia, mama, huko Eldoret utamwamsha kwa simu kila siku miaka minne?

Mengine ni madogo. Kupiga taipu kwa vidole vyote. Kupika wali na mchuzi, wavulana pia, kwa kuwa chakula cha kununua kitawamaliza. Kufua. Kwenda ofisini peke yako kuuliza jambo na kurudi na jibu, bila baba kuingia kwanza. Hili la mwisho msilidharau. Niliwahi kuwatuma wasichana wawili waende maktaba ya mjini wakaulize tu masharti ya kujiunga. Walisimama nje ya mlango dakika arobaini.

Nimesema wasichana, na hapa akina baba naomba mnivumilie. Miezi hii tisa kwa mtoto wa kiume ni maskani, kwa mtoto wa kike ni posa. Nimewapoteza wanafunzi wangu bora hapa, si kwenye mtihani. B+ yake iko kwenye droo, anaitwa chuo, na tayari ana mimba ya miezi minne, ameambiwa atasoma baadaye. Wachache walisoma baadaye, nawajua kwa majina kwa sababu ni wachache. Sipingi ndoa, nani ataipinga? Mimi mwenyewe nilipokuwa nangoja matokeo ya kidato cha sita kulikuja watu nyumbani, watu wa heshima. Baba alikuwa baharia, hakusoma skuli. Aliwakaribisha kahawa, akawaambia, "Mngojeni amalize." Waliondoka. Hawakungoja, nami sikuwalaumu, nikaolewa na mwengine baada ya digrii. Kama siku ile baba angesema neno jengine, leo hapa angesimama mtu mwengine kuwazungumzia.

Fedha nazo. Mkopo wa HELB, sehemu ya karo inakwenda chuoni, lakini fungu la kujikimu linaingia kwa mwanafunzi mwenyewe. Mtoto ambaye miaka minne pesa zake za mfukoni ziliwekwa kwa mwalimu wa darasa, akizichukua mia mia, siku moja anaona maelfu kwenye simu yake. Nimewajua walioweka chakula cha semista nzima juu ya mechi moja. Mzazi, anza sasa: mpe bajeti ya futari ya wiki moja aiendeshe yeye. Akiharibu, mtakula tambi za maji wiki hiyo, hamtakufa. Na najua wapo wanaonong'ona kuhusu riba, kwa kuwa mkopo ule una asilimia 4 kwa mwaka. Hilo nawaachia masheikh. Ninachoomba ni mkawaulize mwezi huu, si usiku wa kuamkia siku ya kuripoti, mtoto kashafunga sanduku.

Kuna kosa jengine la skuli zetu ambalo huonekana siku ya kuchagua kozi, na limefanyika miaka miwili kabla. Katika 8-4-4 mtoto anaacha masomo mengine anapoingia kidato cha tatu. Nimefundisha katika skuli ya wasichana ambapo fizikia iliachwa na karibu wote, kwa kuwa maabara ilikuwa na vifaa vya kuonyesha wageni tu. Msichana anakuja kidato cha nne, Mwalimu, nataka uhandisi. Bila fizikia hakuna uhandisi, mlango aliufunga akiwa na miaka kumi na sita na hakuna mtu mzima aliyemwambia kuwa ule ni mlango. Nawaambia hivi wazazi wenye watoto wadogo, kwa sababu mtaala wa umilisi umeusogeza uamuzi huo chini zaidi. Watoto wa Gredi ya 10 walioingia sekondari pevu Januari 2026 walichagua mkondo wao, sayansi, jamii, au sanaa na michezo, wakiwa Gredi ya 9. Mtaala huu unaahidi kumfundisha mtoto kutenda na kufikiri badala ya kukariri, na mimi nauombea. KCSE ya mwisho ya mfumo wa zamani ni 2027, baada ya hapo tutaona. Lakini walimu ni sisi sisi, tuliozoea kukisia. Msiikabidhi skuli kazi yote kwa sababu jina la mtaala limebadilika.

Na neno chuo lisiwe chuo kikuu pekee. Aliyepata C- anaingia diploma, aliye chini yake kuna vyeti vya ufundi. Wazee wetu hawakuona haya na ufundi. Chuo Kikuu cha Kiufundi pale Tudor kilianza kama MIOME, taasisi ya elimu ya Waislamu ya Mombasa, ikapokea wanafunzi wake wa kwanza 1951 kuwafunza ufundi. Halafu wajukuu tunawaambia watoto wetu kwamba kushika spana ni kufeli.

Yule kijana wa feri, mnataka kujua? Nilikwenda naye kwa mama yake. Nilidhani atapiga kelele. Alinyamaza muda mrefu, kisha akamwuliza, "Umekula?" Hilo tu. Januari iliyofuata akaanza diploma ya umeme hapa hapa mjini, na siku ya kwanza, aliniambia mwenyewe, kabla ya kuingia darasani alizunguka jengo zima akisoma kila karatasi iliyobandikwa ukutani. Sasa anafanya kazi bandarini. Vikuku alimnunulia vyengine mwaka 2019. Mama anavivaa Idi tu, anasema ni vizito.

Basi, naona kina mama wameanza kuinuka, nami nimeahidi. Nitakuwa hapa Jumamosi na Jumapili baada ya Alasiri kwa wanaotaka kusaidiwa na maombi ya KUCCPS. Njooni na namba ya mtihani na matokeo yenu, na kozi tatu mnazozitaka nyinyi, si za shangazi. Wenye umri wa kitambulisho na hawajakichukua waniambie siku hiyo hiyo, tupange siku ya kwenda pamoja, maana foleni mnaijua. Na kila atakayekuja nitamwazima kitabu, kwa hivyo mjue mnachojiingizia. Wazazi mnakaribishwa kuwaleta mpaka mlangoni. Ndani wataingia peke yao.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.